Namna Sauti Yangu Ilivyoshuka

Watu wasionijua huniuliza kwanza kama niko mgonjwa. Nikienda kununua sukari katika duka moja la Kasenga, hapa Uvira, mwenye duka anasema, "Mama, kunywa tangawizi na ndimu, hiyo gripe itaisha." Namwambia asante. Sina mafua. Niko na sauti hii tangu miaka mingi: nzito, ya chini, inakwaruza kidogo mwanzoni mwa neno, na mwisho wa sentensi inaanguka kama mtu anayetua gunia. Kwenye simu watu wananiita papa, yaani baba. Hata mume wangu, siku nilipompigia kwa simu ya jirani, aliniita "mukubwa" na kunipa heshima ambazo nyumbani sizionagi.

Nilikuwa mwigizaji wa redio, na ni sauti hii iliyofanya nijulikane. Nimechoka kueleza ilikotoka. Basi nitaandika hapa mara moja, vile naweza, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili, kwa hiyo anayesoma asitafute mpangilio wa watu wa chuo.

Mama yangu anasema ni moshi. Sisi ni watu wa Makobola, na nyuma ya nyumba tulikuwa tunakausha samaki kwa moshi ili wafike sokoni bila kuoza. "Minye nilikuonaka," mama anasema, "kila saa kichwa mu moshi, nikikuita hausikie." Lakini dada zangu wawili walikaa katika moshi uleule na mpaka leo wanaimba sauti ya kwanza kwenye korali. Nikimwambia hivyo mama anajibu, "Bale hawakukuwa na kichwa nguvu sawa weye." Labda. Siwezi kuutoa moshi kabisa katika habari hii. Muganga mmoja naye alinimulikia kooni na toshi, akasema nyuzi za ndani zimevimba kwa kutumika sana na sasa zimekomaa hivyo, hakuna cha kufanya ila kupumzika. Nikamuuliza, kutumika na nani? Akacheka, akadhani namtania.

Minye nafikiri ni mzee mmoja mhubiri.

Kabla yake nilikuwa na sauti nyembamba. Sisemi nzuri. Kiongozi wa korali aliniweka sauti ya kwanza kwa sababu watu walikuwa wachache, na mimi nilikuwa nakuja mazoezini hata mvua ikinyesha. Nilipoolewa nikahamia Kilibula, nikaingia kanisa la huko, nikaendelea kuimba sauti ileile kati ya akina mama, na hakuna aliyewahi kugeuka kunitazama nikisema.

Mzee alishuka kutoka milimani, kule juu Hauts Plateaux, wakati mambo ya kule yalipokuwa mabaya na watu wengi walikuwa wanashuka. Alikuja na mtoto wake wa kiume, mkamwana wake na wajukuu, wakapanga nyumba Kasenga. Kule juu alikuwa amehubiri maisha yake yote. Huku chini alijua Kiswahili cha kusalimia na cha kuuliza bei, basi. Kanisa letu likaona si vizuri mhubiri wa namna hiyo akae kwenye benchi kama mgeni, wakampa siku yake ya kuhubiri, na komite ikatafuta mtu wa kumtafsiria, wakanipata mimi. Mama yangu alizaliwa karibu na mpaka wa Burundi na alitulea kwa Kirundi, kwa hiyo lugha ya mzee, iliyo karibu na Kirundi, niliisikia vizuri, isipokuwa maneno ya ng'ombe. Ya ng'ombe alikuwa nayo mengi. Ng'ombe mwenye rangi hii ana jina lake, mwenye pembe hizi ana jina lake, na mimi wote niliwatafsiri "ng'ombe mzuri". Nafikiri watu wa kanisa waliamini kwamba huko milimani kuna ng'ombe wa aina moja tu.

Wasiosali kwetu niwaeleze kidogo. Mtafsiri wa kanisa hasimami pembeni kama mtu anayesoma tangazo. Anasimama karibu na mhubiri, bega kwa bega, na kila nusu ya sentensi anaipokea na kuitupa mbele kabla haijapoa. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua mkono. Akitembea kuelekea benchi za akina mama, wanatembea wote wawili. Akinong'ona, ananong'ona. Akilia, kuna watafsiri wanaolia kweli. Anayetafsiri kwa sauti yake mwenyewe, maneno yakiwa sawa lakini yeye amesimama tu, watu wanasema huyo anapoza neno, na mara ya pili hawamwiti.

Siku ya kwanza mimi nilipoza. Mzee alisema polepole, chini kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Halafu mimi nikaruka juu na ile sauti yangu nyembamba. Kanisa likacheka. Mama mmoja wa benchi ya mbele akasema wazi, "Mzee anasema, kifaranga inajibu!" Wakacheka tena. Nilitamani sakafu inifunike. Mzee hakugeuka. Alingoja wanyamaze, akaniambia kwa lugha yake, "Binti, usikimbie. Hakuna mtu anayetufukuza." Hiyo sikuitafsiri.

Tangu siku hiyo nikamfuata. Nilijifunza pale anapovuta pumzi, ambapo si pale mtu mwingine angevuta: yeye alivuta katikati ya neno kubwa, kama amelikuta ni mlima. Nilijifunza kukwaruza mwanzo. Nilijifunza kuiacha sentensi ianguke yenyewe mwishoni bila kuishika. Jenereta ya kanisa mara nyingi ilikosa mafuta, kwa hiyo mikro ya kukuza sauti haikuwa ya kutegemea, na mvua ikipiga mabati ilibidi sauti itoke tumboni. Kooni haikutosha. Nilifanya mazoezi nikiosha vyungu. Mume wangu alisikiliza siku moja kutoka nje, akaingia akiangalia pande zote.

"Uko na nani humu?"

"Niko peke yangu."

"Basi mu hii nyumba kumeingia muntu mwingine, na hajanisalimia."

Mwanzoni sauti ya mzee ilibaki kanisani. Jumatatu asubuhi nilikuwa nayo kidogo, saa sita yangu ilikuwa imerudi. Baadaye ikawa inachelewa mpaka Jumanne. Halafu masika moja yakapita, na mengine, na sijui ni lini hasa iliacha kurudi. Mimi sikuona. Aliyeona ni mama. Nilimpigia simu Makobola kumsalimia, akasema, "Papa, simu hii ni ya mwanangu. Umuitie mwanangu." Nikamwambia mama, ni mimi. Akasema, "Mungu wangu, wamekufanya nini?"

Kiongozi wa korali aliniondoa sauti ya kwanza, akanipeleka ya pili, na mwishowe akaniambia kwa upole nisimame nyuma na wapapa wa besi. Siwezi kusema alikosea. Ukisikiliza vizuri, pale ndipo nilipokuwa nafaa. Lakini nilikuwa nimevaa kitenge kipya cha korali, cha akina mama, na kusimama nacho katikati ya makoti ya wapapa kulinichosha namna ambayo siwezi kuieleza.

Kanisani walifurahi. Wengine walisema wakifunga macho ni kama mzee mmoja anasema lugha mbili. Kuna wengine hawakupenda; waliniuliza pembeni kwa nini nampa sauti mtu wa mlimani. Hao sitawaandika kwa ubaya. Miongoni mwa waliouliza walikuwamo waliopoteza vitu na watu katika vita vya mlimani, kama vile mzee naye alivyokuwa amepoteza. Niliwaambia tu kwamba sauti sikuwa nampa, ni yeye aliyenipa. Hawakuridhika, na sijui kama mimi mwenyewe niliridhika.

Redio ilikuja hivi. Kolera, kipindupindu, ilikuwa imerudi, kama inavyorudi kila mara watu wakikosa maji ya bomba na kuteka ziwani. Kikundi kimoja cha maigizo cha Kasenga kiliombwa kutengeneza mchezo wa redio wa kuwafundisha watu kutia klori, dawa ya kuua vijidudu, katika maji. Direkta wa kikundi, mwalimu wa shule ya msingi, alinikuta sokoni nikibishana na muuza nyanya. Akasimama nyuma yangu. Nilipomaliza, akanifuata.

"Mama, rudia lile neno."

"Neno gani?"

"Lile 'hapana' ulimwambia huyu wa nyanya."

Nikamwambia hapana, nikimaanisha sirudii. Akapiga makofi pale sokoni. "Ndilo hilo! Nimetafuta hilo hapana kwa wapapa wote wa Uvira!"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mzee mlevi. Katika mchezo yule mzee anakunywa kasiksi, pombe ya kienyeji, tangu asubuhi, anauza vitu vya nyumba kwa ajili ya kikombe, na kila mara watu wa afya wakija na klori anawafukuza. Anasema, "Maji ya ziwa nimekunywa, na bado sijafa." Ndiyo sentensi yake. Studio yenyewe ni chumba kidogo kilichopigiliwa magodoro ukutani, joto la ajabu, na feni haifunguliwi kwa sababu ingesikika. Direkta aliniambia nisiigize chochote. "Sema vile unasemaka, basi." Nikasema vile nasemaga. Nilipofika "bado sijafa", ile sentensi ikaanguka mwishoni polepole, sijafaaa, na wote mle chumbani wakacheka mpaka ikabidi turudie kurekodi. Mimi nilidhani wanacheka maneno.

Sikuchagua sauti ya mzee wa kanisa nikaipeleka kwa mlevi. Sikuwa na nyingine. Hilo nalishikilia. Lakini kuna wakati najiuliza kuhusu ile "sijafaaa", maana kule kanisani ndivyo tulivyokuwa tunavuta "Amina", yeye na mimi, na sijui kama kichwa changu kilijua na kikanyamaza. Siwezi kuapa upande wowote.

Mchezo ulipendwa. Motari, waendesha pikipiki, wakipishana barabarani walipigiana kelele, "Nimekunywa!" na mwingine akajibu, "Bado sijafaaa!" Mke wa jirani aliniambia ameanza kutia klori kwa sababu hataki kufanana na yule mjinga. Nami, siku ya kurekodi, niliamka nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeizoea. Nilikuwa nimepikia wengine, nimefulia wengine, nimesema maneno ya mhubiri. Mle katika magodoro nilikuwa na kitu ambacho mtu akikikosa alinitafuta mimi.

Kisha mkamwana wa mzee akaja kwangu Kilibula. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka, akaomba maji, akanywa yote kabla ya kusema.

"Mama, sikuje kugombana."

"Karibu. Kuna nini?"

"Ni watoto."

"Wako wagonjwa?"

"Wanacheka." Akageuza kikombe mkononi. "Baba mukwe akianza kuombea chakula, wanacheka. Akisema 'Baba wa mbinguni' tu, wanaanguka. Mwanzo alifikiri wanacheza. Akawauliza. Mudogo ndiye akamwambia, 'Babu, unasema sawa ule mulevi wa redio.'"

Nikamwongezea maji kikombeni.

"Sasa mezani haombi tena," akaendelea. "Anachezesha midomo tu, bila sauti, halafu anatia mukono mu sahani. Na Jumapili ile siku yake, ulisikia alituma neno kwamba kifua kinamuuma?"

"Nilisikia. Kifua kimepona?"

"Hana kifua, mama. Iko na haya."

Nikamuuliza, na mzee mwenyewe anataka nini? Akasema, "Yee hataki kitu. Hajui nimekuja. Ni minye ndiyo nataka. Umuache ule mulevi, ao umupe sauti ingine."

Alikuwa na haki ya kuomba. Nilimwambia nitajaribu.

Nikaenda studio mapema, nikamweleza direkta yote. Alisikiliza vizuri, simwekei ubaya. Akasema tujaribu. Nikaitafuta ile sauti yangu ya zamani, ya Makobola, ya kifaranga. Ikatoka pumzi tu, kama tairi ya baiskeli imetoboka. Nikajaribu kupitisha puani.

"Mama," direkta akasema, "sasa umekuwa mbuzi."

Fundi cherehani mmoja wa Kilibula, ambaye katika mchezo alikuwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Acha nimfungie kamba," akasema. Mimi pia nikacheka, kwa sababu kweli ilikuwa mbuzi. Tulijaribu haraka, tukajaribu juu, tukajaribu na kitambaa mdomoni. Kila mara, sentensi ikifika mwisho, yule mzee alikuwa pale ananingojea.

Direkta akatoa kofia yake. "Mama, nakusikia. Lakini hii sauti ndiyo watu wanangojea. Tukimnyamazisha mulevi, nani atasikiliza mambo ya klori? Kolera haijaenda."

Naye alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani na haki mbili na sikujua mahali pa kuzitua. Upande huu kulikuwa na mtu mmoja asiyeweza kuombea chakula chake mbele ya wajukuu wake, baada ya kuacha kila kitu kingine mlimani. Upande ule maji ya watu wengi. Na katikati mimi, ambaye nilipenda kuwa pale, na ile kupenda iliharibu kila hesabu, maana kila nilipoona sababu ya kubaki nilishuku ni kupenda kwangu kunakosema. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima ya mvua. Mume wangu alisema nibaki, mzee atazoea. Mama alisema niache, nipumzishe koo. Hakuna aliyesema kitu kibaya.

Niliacha. Nilimwambia direkta kwamba hata kama mlevi ni muhimu, hatapungukiwa na mtu wa kumtungia mwisho. Amuue kwa kolera, watu watajifunza vizuri zaidi. Direkta akasugua kichwa. "Sawa, mama. Nitaona." Akanishukuru kwa kazi yote, akanisindikiza mpaka barabarani.

Mkamwana nilipomwambia alishika mikono yangu yote miwili. Jumapili iliyofuata mzee alikuja kanisani, akahubiri, nami nikasimama bega kwa bega naye. Hatukusema juu ya redio. Alikuwa na ng'ombe wake wa rangi nyingi, nami nikasema ng'ombe mzuri. Nilijua nimepoteza kitu changu, lakini niliona kimeenda mahali.

Haukupita muda. Nilikuwa kwenye kibanda cha kuchajisha simu, redio imefunguliwa, na sauti yangu ikatoka ndani ya redio. "Maji ya ziwa nimekunywa, na bado sijafaaa." Nilidhani wamerudisha mchezo wa zamani. Halafu mlevi akaanza kubishana juu ya choo, na mambo ya choo mimi sikuwahi kuyarekodi.

Ilikuwa ni yule fundi cherehani. Alikuwa amenichukua mzima: ule mkwaruzo, kule kuanguka, hata pumzi katikati ya neno kubwa. Watu waliokuwa kibandani walicheka palepale tulipokuwa tunacheka sikuzote. Hakuna aliyejua mtu amebadilika.

Nikaenda kwenye chumba chake cha kushonea. Alikuwa anaunga mkono wa shati. Hakusimamisha mguu.

"Mama, usikasirike. Direkta aliniambia nifanye sawa weye."

"Ulijifunzia wapi?"

"Tulikaa mu chumba kimoja cha magodoro! Ningeziba masikio?" Halafu akasimamisha mashine, akanitazama kama mtoto aliyeleta karatasi ya mtihani. "Lakini iko muzuri?"

Nilitaka kusema mbaya. Nikasikiliza tena kichwani. "Iko muzuri," nikasema. "Lile 'hapana' lako limepita langu."

Alifurahi kweli, akaniitia chai. Niliinywa nikiwa na hasira, lakini hasira haikupata wa kumkalia. Yeye ana watoto, aliombwa kazi, akaifanya vizuri. Na alivyonifanyia mimi si tofauti na nilivyomfanyia mzee mbele ya kanisa lote. Kama langu liliitwa utumishi, sioni vile lake niliite wizi. Nimejaribu kuona, sijaona.

Tangu hapo motari wananitania. Mmoja alinichukua kutoka Kilibula kwenda Kasenga, nikamwambia anishushe pale kwenye kona, akageuka na kofia yake ngumu. "Mama, unaiga mulevi wa redio!"

"Siigi. Ni sauti yangu."

"Unajaribu," akaniambia kwa huruma. "Lakini bado haujamufikia."

Siku hiyo nilikuwa naenda kwa mzee, kwa mkamwana wake, maana nilitaka kujua. Nilimkuta mkamwana anachambua sombe uani.

"Umesikia redio?" nikamuuliza.

"Nasikia."

"Mulevi angali anasema."

"Najua, mama. Lakini siyo weye."

"Na watoto?"

Akaendelea na majani yake. "Angali wanacheka."

"Basi kuacha kwangu kulikuwa na faida gani?"

Alifikiri kweli, hakujibu ovyo. "Muntu wa inje akitucheka, tutafanya nini? Tutamfunga mudomo? Lakini weye ulikuwa wa ndani. Baba mukwe alikuwa anasema, yule binti amesimama na minye mbele ya Mungu, kisha ananiweka mu kasiksi. Sasa hasemi ile tena."

"Na kuombea chakula?"

"Ile bado."

Nimeyageuza maneno yake mara nyingi. Sijui kama ni faida ndogo au ni faida yenyewe. Kanisani hakuna hata mmoja aliyelalamika juu ya fundi; yeye anasali kwingine. Mchezo wa redio unaendelea, watu wanatia klori, direkta alikuwa na haki. Mkamwana alikuwa na haki. Mimi nakaa nyumbani siku za kurekodi, na saa ile ikifika mikono yangu haijui kazi.

Alinilazimisha nibaki kula. Walitandika mkeka, wakaleta bugali, sombe, ndagala za kukaanga, na maziwa ya mzee katika kikombe chake. Watoto wakanawa mmoja baada ya mwingine, wakakaa kwa mstari, na niliona wameshaanza kubana midomo kabla ya kitu chochote. Mzee akatoka chumbani, akanisalimia kwa lugha yake, akaniuliza habari za mume na za mama. Akakaa. Akafumba macho.

Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti, kama mkamwana alivyoniambia. Nikainamisha kichwa. Nikahisi kiwiko kinanigusa ubavuni, vilevile kanisani alivyonigusa nilipochelewa kupokea.

"Tafsiri," akanong'ona.

Hakuwa amesema kitu. Lakini maombi yake ya chakula nilikuwa nayajua, nimeyasikia kwenye sherehe na kwenye misiba. Nikamtazama mkamwana, ameangalia chini. Nikafumba macho.

"Baba wa mbinguni," nikasema.

Mdogo ndiye aliyeanza, kwa pua. Halafu mwenzake, halafu wote, mpaka mkeka ukawa unatikisika. Nikasikia nguo ya mama yao, anainuka kuwapiga. Nikanyamaza. Nilikuwa tayari kusimama na kuomba ruhusa niende.

"Mama, endelea," mzee akasema. Alisema kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, hakuniachia nimsemee. "Bugali inapoa."

Nikaendelea. Niliomba kwa ajili ya mikono iliyopika, na waliobaki mlimani, na ng'ombe, kwa pumzi zake na kuanguka kwake. Watoto walicheka mpaka Amina, na yeye hakufumbua macho.